Filamu Mbili za Swaumu

Mtendaji wa kata alinipa flashi yake kwenye kibanda changu cha kuuza filamu. "Shikamoo, mzee. Niwekee filamu ya kuchekesha, niangalie na familia."

"Marahaba. Chukua hii ya Swaumu, binti wa hapahapa Tabora. Kaitengeneza na wenzake bila mfadhili. Mama mjamzito anapelekwa zahanati kwa mkokoteni, maana gari la wagonjwa limebeba saruji ya mkubwa. Msukuma mkokoteni atakuvunja mbavu. Mbele huko utaacha kucheka."

Wateja kwenye benchi walimgeukia mtendaji. Wote walimzika mke wangu, ambaye kisa chake ndicho Swaumu alichokiigiza, na walijua siku ile gari lilibeba saruji ya nani.

"Hizo ni siasa, mzee wangu. Hana nyingine?"

"Anayo, ya warina asali. Fupi, inachekesha kuliko hii. Mke wangu yumo, anacheza ngoma na ndoo ya asali kichwani, na haimwagiki."

"Basi niwekee hiyo peke yake. Halafu kesho njoo uchukue leseni ya kibanda, nitakuwa nimeisaini."

Miezi minne nilikuwa naifuata leseni hiyo. Bila leseni, hii kompyuta wangeibeba.

Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe. Kina ufa wa jembe ambao mke wangu alikuwa akiupaka mafuta kila jioni, na tangu afe haujafunga.

"Haziachani," nikasema. "Ukimwangalia anavyocheza, utamwangalia na anavyokufa."

"Mzee, unajua unaongea na nani?"

"Najua vizuri sana," nikasema, nikabonyeza zote mbili.