Kiyoyozi cha Mzee Maneno

Rutayisire alikiri kosa kabla hajaulizwa.

"Bwana konseye, ni mimi. Mimi ndiye niliiharibu ile mashine," alisema akiwa bado mlangoni, kofia mkononi.

Konseye Mutabazi, msuluhishi wa ugomvi wote wa majirani katika segiteri, yaani kata, ile ya Nyamirambo, aliinua macho. Hata mashtaka hakuwa ameyasoma. Kwenye benchi walikaa walalamikaji: Mzee Maneno, mwenye duka la vitambaa, na mkewe Swafiya. Mzee alikohoa, akajifuta pua kwa leso.

"Kaa kwanza, fundi," konseye alisema. "Mwenye kesi aseme."

Rutayisire akakaa. Ya nini kuwachosha watu? Alikuwa fundi tangu mwaka 1966, mwaka wa kumi na nane sasa, na hakuna aliyemjua vizuri kuliko alivyojijua mwenyewe. Redio alizozitengeneza zilishika stesheni moja tu, nayo ya Bujumbura. Pasi ya jirani yake Nyiraneza aliirudisha ikiwa ya moto kwenye mpini na baridi chini. Wateja walimvumilia kwa sababu alikuwa na ulimi mtamu, na kwa sababu fundi mwingine alikuwa mbali, kule mjini.

Kibanda chake kando ya msikiti kiliishi kwa huruma za watu, naye alilijua hilo. Konseye ndiye aliyempa kibanda, na konseye angeweza kumnyang'anya. Tangu aitwe kwenye kesi hii hakuwa amekula akashiba.

Mzee Maneno alisimama. "Konseye, ile klima, hicho kiyoyozi, nilinunua kwa mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao. Nyamirambo yote hakuna mwingine iko nayo. Nikamwita huyu, akaifungua, akaifunga, akaenda. Sasa sebule yangu haikaliki!"

"Haikaliki namna gani?"

"Wageni wakija, tunaiwasha. Tukiiwasha tu, wanaaga. Jumapili walikuja wakwe, wanamposa binti yangu. Robo saa haijaisha, shangazi wa kijana anasema amekumbuka kuna mgonjwa nyumbani. Pilau yote wameacha!"

"Rwose, kweli kabisa, hata nyama hawakugusa," Swafiya aliongeza, na machozi yalimlengalenga. "Chai tu ndiyo walimaliza."

Rutayisire aliinamisha kichwa. Aliiona sebule ile kama vile alikuwamo: wakwe na kanzu zao, jasho linawatiririka, mashine yake inawapumulia moto usoni. Siku ya kazi umeme ulikatika kabla hajaijaribu, naye akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akakusanya bisibisi zake na kuondoka mbio. Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, alikuwa akizungukia njia ya bondeni ili asikutane na Mzee Maneno. Mara mbili mzee alimfuata mpaka kibandani, na mara mbili fundi alijibanza nyuma ya mlango akizuia pumzi.

"Umesikia, fundi?" konseye aliuliza.

"Nimesikia. Na kuna mengine hamjui, acha niseme yote." Alishamwagika, basi alijimwaga hadi tone la mwisho. "Mimi klima sijawahi kufungua maisha yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilitia kipande cha friji ya zamani, nikabahatisha. Nilipofunga, skurubu tatu zilibaki. Nikazitia mfukoni."

"Mama wee!" Swafiya alishika kichwa. "Skurubu za mashine yetu?"

"Hizi hapa."

Akazipanga mezani moja moja. Konseye alijing'ata mdomo kuzuia kicheko. Rutayisire naye angecheka, maana kituko kilikuwa kizuri, ila tu fundi wa kuchekwa alikuwa yeye na kibanda kilikuwa chake.

"Fundi," konseye alisema alipopata sauti, "unajua Sibomana mshona viatu anaomba kile kibanda tangu mwaka jana."

"Najua, bwana konseye."

"Sasa sikia. Wakwe wanarudi Jumapili, na mzee anasema hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mpaka Jumamosi hiyo mashine iwe sawa, vile mwenyewe anataka. Ikikushinda, ufunguo wa kibanda utaniletea mimi hapa."

Siku nne! Rutayisire hakuamini masikio yake. Alikuja akijua amekwisha, kumbe amepewa siku nne nzima. Angemwangukia miguuni yule fundi wa mafriji kule mjini. Angelala sakafuni kwa Mzee Maneno, ikibidi. Aliona aibu kugundua kwamba, kwa miaka yote hiyo, hii ilikuwa mara ya kwanza kutaka kwa dhati kitu kipone mikononi mwake.

Aliinuka, akamwendea mzee na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, mbabarira, nisamehe. Naapa, Jumapili mashine itatoa baridi. Baridi ya kweli, mpaka wakwe waombe blanketi!"

Swafiya aliachia ukelele. Mzee Maneno aliuchomoa mkono wake kama aliyeshika kaa la moto.

"Blanketi waliomba Jumapili iliyopita!" alifoka huku kikohozi kikimkatiza. "Yewe Rutayisire, mimi nilikwambia uifanye ingurume tu, wageni wasikie kama iko! Nani alikutuma uitengeneze?"