Nyuma ya Mkondo

"Usisimame, mama, viatu havijafungwa," tarishi alisema, akapiga goti pale pale kwenye korido.

Mtahiniwa aliona haya kufungwa viatu na mwanamume mzima, lakini kamba zilikuwa zimemshinda na mlango ulishafunguliwa. Aliogopa mno. Miaka yote hiyo ya kuchungulia mawingu ya gesi angani, leo mtu mmoja ataamua kwa kikao kimoja kama akili yake inaiweza kazi. Akifeli atarudishwa nyumbani, na darubini hataigusa tena.

"Nitafeli," alimnong'oneza tarishi.

"Maji umeshayavulia nguo, mama. Twende tukayaoge."

Mtahini alikuwa kijana wa kumzaa kabisa. Akamsogezea karatasi na penseli. Hata hajamaliza kusema anataka mchoro gani, mtahiniwa alishaanza: nyota changa, mkondo wa gesi unaochomoka kwake, na mbele wingu zito la gesi na vumbi.

"Mkondo unakwenda kasi, wingu haliwahi kukwepa," alieleza. "Unalipiga kama maji ya mpira yanavyopiga rundo la mchanga. Gesi inabanwa, inapata joto, inawaka. Mwanga mwingi tunaouona ni wa pale unapogonga."

Mtahini aliufuata mkondo kwenye mchoro kwa ncha ya kalamu yake.

"Na ukishapita?"

"Nyuma panabaki tundu. Kingo zinang'aa vizuri tu, ila katikati hamna kitu."

Pembeni, tarishi alijifuta macho kwa kiganja. Mtahiniwa akashangaa: tarishi gani huyu wa kulizwa na gesi?

"Umeeleza vizuri sana," mtahini alisema. "Swali la mwisho. Huyu uliyekuja naye ni nani?"

Pumzi zikamshuka. Usiku kucha alikuwa akihofia hesabu za msukumo, kumbe anaulizwa swali la chekechea. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Tarishi wa chuo. Mpole kweli, hata viatu kanifunga yeye."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia yule mwanamume.

"Mama yako alianza lini kukusahau?"