Wimbo wa Mwisho wa Filamu

Nasra alikuwa amekwisha kuimba nyimbo zote za filamu ya mumewe. Ulibaki mmoja tu, wa mwisho kabisa, pale mpenzi anapozama mtoni. Mchana huo, studioni, mumewe, Kandoro, alimkabidhi maneno yake, yamepigwa taipu.

"Nimeyatunga mwenyewe," alisema.

Nasra alisoma mstari wa kwanza, akaurudia. Yalikuwa maneno ya barua yake, vilevile alivyomwandikia Mhina kwa siri. Na Mhina ndiye aliyeigiza huyo mpenzi.

"Mhina ameusikia?" aliuliza.

"Nilimsomea jana kule mtoni, tulipomaliza kupiga picha. Tulibaki wawili tu."

"Na leo yuko wapi?"

Kandoro alifunga mlango wa studio kwa ufunguo, akaenda kukaa nyuma ya kioo na kuvaa hedifoni. Kinanda cha umeme kikaanza taratibu, kitamu, kama katika nyimbo zote za filamu za miaka ile ya themanini.

Taa nyekundu ikawaka. Kandoro akainua kidole kumpa ishara, na Nasra, karatasi mkononi, akavuta pumzi.