Mzigo wa Kaplong

"Kwani hiyo ni spana ama ni kijiko?" Kipkemoi alifoka kutoka chini ya pikapu. "Nimesema ile kubwa!"

Mkewe, Rebeccah, akampa ile kubwa. Kipkemoi alisonya. Miaka yote hiyo ya ndoa, na kichwa cha mwanamke yule bado kilikuwa debe tupu.

Springi za nyuma zilikuwa zimekwisha. Mvua ya El Nino ilikuwa imekula barabara ya Sosiot, na magunia ya majani chai yakamalizia kazi. Pikapu ilitembea imekalia matako kama mbwa. Leo lazima ipone, maana shemeji yake Kiplangat alikuwa anakuja kuiazima.

"Kuna mtu wetu anarudi nyumbani na vitu vyake," Kiplangat alimwambia kanisani, mbele ya wazee, na Kipkemoi akakubali kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hakuuliza ni nani. Bila shaka ni binamu fulani aliyefukuzwa kazi kwenye mashamba ya chai. Watu wa Kaplong, kwao Rebeccah! Siku ya posa walimtazama kama mtu aliyekuja kuomba unga. Leo wangekuja kuomba wao, na yeye angewapa gari lililosimama wima, wajue mwanaume ni nani.

"Watu wenu wamezoea punda," alisema, akizigonga bushi mpya za springi ziingie. "Waambie hii haikulangi nyasi."

"Nitawaambia, Baba Nelvine."

Nelvine mwenyewe alikuwa kwa nyanya yake tangu Jumapili, na boma lilikuwa na utulivu. Rebeccah alikuwa amefua blanketi zote na kuzikunja. Hata kuku alikuwa amewafunga miguu, eti anaogopa mwewe. Kuku kumfunga kuku mwenzake, Kipkemoi aliwaza, akacheka peke yake.

Rebeccah aliinama akazitazama springi mpya. "Zitabeba kitanda? Na kabati?"

"Zitabeba hata ujinga wenu wote."

"Basi kaza vizuri. Barabara ni mbaya."

Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Rebeccah akamletea chai yenye maziwa mengi, kana kwamba hakuna aliyetukanwa.

Kiplangat alifika na ndugu zake wawili. Kipkemoi alipanda nyuma ya pikapu akarukaruka ili waone vizuri, kisha akashuka na kumtupia shemeji yake ufunguo. Hakumpa mkononi.

"Chukua. Mrudishe mtu wenu. Mimi nikishasema, nimesema."

"Asante, shemeji. Hata wazee walikusikia."

Kiplangat aliwasha gari, lakini hakulielekeza langoni. Alilirudisha nyuma polepole hadi kwenye mlango wa nyumba, akazima.

"Rebeccah," aliita, "tuanze na kitanda?"

Ilipotoka langoni na kitanda, kabati, kuku na mwenye kuku, pikapu haikulala nyuma hata kidogo.