Gari Lililowakataa Wanunuzi

Haya nilisimuliwa na Ekwam, fundi wa magari wa Lodwar, mwaka ule wa tisini na saba mvua zilipokata barabara akakwama kwangu Kakuma siku tatu. Alisimulia ameinamia kikombe, chai ikimpoea.

Duop, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi, alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, jasho likimtiririka, akipambana na gurudumu la mbele la Land Rover.

"Hii gari iko na kiburi kama mama mkwe!"

Ekwam alicheka. Atiir, mwenye gari, hakucheka.

Land Rover zile za zamani, kabla ya kuvuka mchanga, sharti ushuke ufunge kwa mkono habu za magurudumu ya mbele, vile vifundo vya katikati. Usipofunga, utazama. Ya kulia ilikuwa haina neno. Ya kushoto ilitoka kwenye gari jingine: uigonge kwanza kwa jiwe mara mbili, kisha uizungushe kinyume. Ekwam alijitolea kuibadilisha bure. Atiir akakataa. "Iache. Mwenye kununua aone ubaya wake mwenyewe."

Duop alishindwa, akaonyeshwa, akataja bei nzuri.

"Gari imekukataa, ndugu yangu," Atiir akamwambia. "Enda salama."

Huyo alikuwa wa kumi na moja. Wote aliwapeleka lagani kwanza, na wote gari liliwakataa.

Ekwam roho ilimuuma. Mume wa Atiir, Lomorukai, alipigwa risasi na majambazi njia ya Lokichoggio, miaka miwili nyuma, wakatoweka na gari. Gari likaokotwa karibu na Nadapal, ng'ambo ya malaga matatu, tangi kavu. Mjane akalipaka rangi ya kijani, akatangaza kuwa anauza. Na huku watoto wake wanne wanaishi kwa vikapu anavyosuka.

"Mama Ekai," akamwambia Atiir, "hawa watoto watakula huzuni?"

"Wameila miaka miwili, fundi. Wameizoea."

Wiki iliyofuata akaja Longor, mnunuzi wa mbuzi kutoka Kakuma, mtu wa maneno mengi.

"Ejok, mama! Hiki chuma bado kinapumua?"

Akafungua boneti, akanusa oili. Akakanyaga breki barabarani hadi Ekwam akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Akaitukana giaboksi, kama kila anayetaka kupunguziwa.

"Gari ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amesafiri," Atiir akasema.

Ekwam akashtuka. Pengine mjane hataki kupunjwa.

Walipofika lagani, Longor alizima gari, akashuka, mdomo haujatulia. "Mama, matairi yameisha haya, upunguze kidogo." Akafunga habu ya kulia. Akazunguka kushoto. "Na viti vimechanika." Akainama, akaokota jiwe, akagonga mara mbili, akazungusha kinyume. Tk. Imefunga.

Kisha akalitazama lile jiwe mkononi, kama aliyepewa na mtu. Akalitupa.

"Wewe imekukubali," Atiir akasema kwa upole. "Bei nitakupunguzia. Twende penye bendera tuandikiane."

Ekwam alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Longor akavuka mchanga, akageuza, akaendesha hadi mjini akipiga mluzi.

Penye bendera, kituoni kwa polisi, Atiir alitangulia kuingia, akasema na koplo maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Askari wakatoka. Wakampokea Longor funguo za gari. Kisha wakampokea mshipi na viatu.

Ekwam alimfuata Atiir hadi nyumbani kwa miguu, haelewi. Mama yule alitandika ngozi yake mlangoni, mchana ule wa jua kali, akajinyoosha kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Mama Ekai, kosa lake ni nini? Kujua kufunga habu?"

Atiir alikuwa amekwisha kufumba macho.

"Huyu hakuna aliyemwonyesha. Habu hiyo Lomorukai aliipachika jioni ya kuamkia safari yake. Mimi ndiye niliyemshikia taa."

Akageukia ukuta, akalala.