Delmar Achukua Ile Ndogo

"Dola elfu nne tu, mzee," muuzaji alisema kwa mara ya tatu. "Ongeza elfu nne uondoke na ile kubwa. Hii ndogo inakunywa mafuta karibu sawa na kubwa, trela la ng'ombe haivuti, na bodi yake fupi. Wenzako watakucheka mnadani."

"Waache wacheke," Delmar Stuckey alijibu. "Kubwa haifai kwa kazi niliyo nayo."

"Kazi gani hiyo?"

Delmar aligeuka, akamtazama mkewe Twila kuanzia kichwani hadi viatuni. "Panda," alimwambia. Twila akapanda. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amezoea kushikwa kiwiko na kuinuliwa kama gunia, maana mumewe hakuwahi kumiliki pikapu isiyokuwa juu mno kwake. Hii aliiingia mwenyewe. Delmar alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatia saini.

Njiani Twila alitazama nyasi kavu za Nebraska zikipita, akawaza. Mfugaji hawi mfugaji bila pikapu kubwa. Lakini ng'ombe nao Delmar alikuwa ameshawauza, wote, mwezi Oktoba, bila kumuuliza.

Na si hilo tu. Alikuwa akipiga simu nyuma ya banda, na Twila akitokea, anakata. Mezani alikuwa akimkodolea macho, uso karibu kabisa na wake, muda mrefu. Aliwahi kumimina kahawa yote pembeni ya kikombe kwa kumkodolea hivyo.

Kisha ikaja Jumapili ile. Twila alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho nusu yamefumba, akahisi kitu baridi pajani. Ilikuwa futi ya chuma. Delmar alikuwa amepiga magoti, anampima kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, taratibu, huku akiandika kwenye kijitabu. Twila hakuthubutu kufumbua macho zaidi. Siku mbili baadaye ndipo walipokwenda kununua gari.

Katika wilaya ya jirani, miaka michache nyuma, mwanamume mmoja alimpakia mkewe kwenye pikapu wakaenda kutazama uzio. Alirudi peke yake. Twila alijaribu kutoifikiria habari hiyo. Usiku na mchana aliifikiria hiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi Delmar alisema, "Vaa koti. Tunatoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwenye kile kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa."

"Kule hakuna mtu, Delmar."

"Ndiyo maana."

"Redio imesema theluji inakuja."

"Jioni. Hatutachukua muda." Akamtazama tena kwa yale macho yake. "Siwezi kungoja zaidi, Twila. Nimeshangoja mno."

Aliendesha polepole kuliko siku zote, amejikunja juu ya usukani, midomo imebana. Wingu lilikuwa jeusi kama sufuria, tena lilikuwa karibu kuliko walivyotabiri. Walipofika katikati ya kile kiwanja tupu, maili kumi na mbili kutoka nyumba ya karibu, alisimamisha gari bila kuzima injini. Koti lake alikuwa amelivua kwa ajili ya joto la ndani. Lilikuwa kiti cha nyuma, simu yake mfukoni.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Usishuke. Nazunguka upande wako."

Alishuka. Akapita mbele ya gari, mkono mmoja ukipapasa boneti, akiujia mlango wa Twila.

Twila hakujua aliamua saa ngapi. Alibonyeza kitufe, milango yote ikajifunga. Akajiburuta kupita juu ya gia hadi nyuma ya usukani. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, lakini alikuwa ametazama mikono ya Delmar kwa miaka thelathini na minne. Alinyoosha miguu, akitegemea ingening'inia hewani. Ikafika kwenye pedali.

Delmar aligonga kioo. Alikuwa anacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha Twila kuliko yote.

"Ngoja kwanza, mama! Fungua!"

Twila akavuta gia. Gari likaruka mbele kama ndama. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Delmar akikimbia kwa shati tupu, mikono juu, akipiga kelele zilizochukuliwa na upepo. Hacheki tena. Kisha chembe za kwanza za theluji zikapita katikati yao, na baada ya hapo kioo kilikuwa cheupe.

Ilimchukua zaidi ya saa moja na nusu kufika kwa dada yake Verna. Mara mbili aliingia mtaroni akatoka. Upepo ulikuwa unalitikisa gari zima, na Twila alikuwa akilia na kusema peke yake, "Niko hai, niko hai."

Verna alitoka barazani na aproni yake, akaziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akaanza kupiga makofi.

"Tazama huyo! Kumbe ameshakufundisha!" Alishuka ngazi mbio, theluji ikimjaa nywele. "Kila akipiga simu, shemeji ananiapisha nisikwambie. Daktari wa macho amempa mpaka Krismasi tu, baada ya hapo hataona hata mkono wake, ndipo akahangaika kutafuta pikapu ambayo miguu yako ingefika." Akainama dirishani, bado anatabasamu. "Yuko wapi mwenyewe?"

Twila aligeuka. Barabara aliyojia haikuwepo tena.