Kodi ya Matumbo Makubwa

Vita na simba vilipopamba moto, Mfalme Nyati alitangaza kwamba kila mwenye tumbo kubwa atatoa robo tatu ya chakula chake kulisha askari. Buku, panya aliyejaza mbegu shimoni kwa ajili ya wanawe, alipiga makofi. "Mkamueni huyo Kiboko, mkuu, mpaka mbavu zionekane."

Kiboko akapiga mwayo. "Sheria yako yasema mtu hulipa kodi anakolala, mkuu. Mimi nakula hapa, nalala ng'ambo ya mto."

"Kweli," alisema Nyati. "Basi nani analala hapa?"

Makofi ya Buku yakakatika. "Lakini mimi tumbo langu dogo, mzee."

"Ndiyo maana tutachukua mbegu zako zote."

Kiangazi kile Buku alizika watoto wake wote. Kiboko alituma salamu za pole kutoka ng'ambo, na jioni akavuka kuja kula.